Mtengeneza Ndoo na Ukingo wa Doa

Tarehe 9 Aprili 2019, siku ya Jumanne, Sakichi Kuwabara, mtengeneza ndoo za mbao wa miaka sabini na sita, aligonga muhuri wa jina lake, badala ya sahihi, kwenye fomu ya hospitali iliyosema kwamba ameelezwa kuhusu upasuaji, ameelewa, na kwa sasa hautaki. Chini ya muhuri palikuwa na mstari wa kuandika sababu. Aliandika neno moja: kazi.

Ndoo ya mbao hutengenezwa fundi akiwa amekaa sakafuni. Kila kibao hubanwa kwa nyayo, mapaja yamepanuliwa, na kisu cha mikono miwili huvutwa kuelekea tumboni. Kuwabara amekaa hivyo kwa miaka sitini na moja katika karakana iliyo nyuma ya nyumba yake, kwenye bonde la Kiso. Alipoanza kazi mji ulikuwa na watengeneza ndoo tisa. Sasa amebaki yeye. Daktari wa upasuaji alimweleza kwamba angeondoa ngozi yote yenye ugonjwa kwenye mfuko wa korodani na kinena, aongeze sentimita mbili za ngozi inayoonekana nzima pande zote, kisha apandikize ngozi kutoka pajani. Kuwabara aliuliza swali moja: baada ya hapo ataweza kukaa sakafuni lini? Daktari alisema pengine baada ya miezi sita, ila kwa umri wake hawezi kumwahidi kwamba mapaja yatafunguka kama zamani.

"Huyo hakati ngozi," Kuwabara alimwambia mkewe Fusae wakiwa kwenye treni ya kurudi. "Anakata kazi."

Ugonjwa wenyewe unaitwa Paget wa nje ya titi, kwa kuwa Paget unaojulikana zaidi hutokea kwenye chuchu. Ni saratani ya ngozi, adimu, inayowapata zaidi wazee, kwenye sehemu za siri. Hutembea polepole. Kwa miaka mingi hauumi, unawasha tu, na ukiutazama unafanana na fangasi. Kuwabara aliona doa jekundu upande wa kushoto mwaka 2012. Kwa miaka sita alilipaka dawa ya fangasi aliyonunua dukani karibu na stesheni. Hakuwahi kumwonyesha daktari. Lakini walikuwepo watu waliokuwa wakiliona doa hilo kila siku, kwa sababu kila siku saa tisa alasiri, bafu la mtaa linapofunguliwa, Kuwabara alikuwa mtu wa kwanza kuvua nguo.

Wa pili alikuwa Tokuji Nezu, kinyozi mstaafu, aliyekaa naye dawati moja darasa la kwanza. Wawili hao wamesuguana migongo tangu walipoanza kuota ndevu. Novemba 2018 Tokuji aliacha kusugua katikati.

"Saki, hiyo fangasi yako bado ipo?"

"Ipo."

"Mwaka wa ngapi sasa?"

"Wewe siku hizi unahesabu fangasi za watu?"

"Nimenyoa vichwa miaka arobaini, fangasi naijua. Ya kwako imekaa madarakani kuliko serikali zote tulizozipigia kura."

"Oga, Toku."

"Siogi. Nenda kwa daktari wa ngozi. Usipokwenda wiki hii, namwita mama wa kaunta aje akutazame yeye."

Mama wa kaunta hukaa mlangoni, akipokea wanaume kwa mkono huu na wanawake kwa mkono ule, na ana sauti inayofika pande zote mbili. Kuwabara alijua kwamba Tokuji hatanii. Alikwenda Alhamisi ya wiki hiyohiyo. Daktari wa mjini alikwangua ngozi, akatazama kwenye hadubini, hakuona fangasi, akampeleka hospitali kubwa. Huko walikata kinyofo kidogo cha ngozi, na majibu yakawa hayo.

Aliyempa njia ya pili ni Dkt. Hatanaka, daktari wa ngozi, mwanamke wa miaka thelathini na minane anayeongea taratibu na haongezi sukari kwenye maneno. Alianza na masharti. Seli za saratani zilikuwa bado kwenye tabaka la juu la ngozi. Utumbo, kibofu na tezi dume vilikuwa vimekaguliwa, kwa sababu ugonjwa huu mara nyingine huambatana na saratani nyingine ndani ya mwili, na havikuwa na kitu.

"Ugonjwa ungekuwa umeshuka chini, nisingekutajia krimu hata kwa mzaha," alisema. "Zipo njia nyingine. Ipo ya mwanga, ipo mionzi, ipo krimu ya zamani inayochoma seli zinazozaana haraka. Hii ninayokusudia inaitwa imikwimod. Yenyewe haiui saratani. Inaamsha kinga ya mwili wako iitazame upya ngozi iliyoizoea. Ngozi itakuwa nyekundu, itachubuka, itatoa maji. Nisipoyaona hayo ndipo nitakapokuwa na wasiwasi."

"Watu wanapona?"

"Wengine wanapona kabisa. Wengine hapana. Wengine wanapona, halafu inarudi. Wagonjwa walioandikwa kwenye majarida ni wachache, Mzee Kuwabara. Sina namba nzuri ya kukupa."

Alilipenda jibu hilo. Baadaye alimwambia Fusae kwamba huyo ndiye mtu wa kwanza pale hospitali aliyeongea kama fundi.

Maagizo yalikuwa mafupi. Krimu ipakwe Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, baada ya kuoga, kabla ya kulala, tabaka jembamba. Ikae kwa muda wa saa nane, ioshwe asubuhi kwa maji na sabuni. Ipakwe kwenye doa na pembeni kidogo. Maumivu yakizidi, asimamishe na apige simu. Na ngozi ikishachubuka, asiingie bafu la watu.

Hilo la mwisho ndilo lililomfanya atazame dirishani.

Alianza Jumatatu, tarehe 15 Aprili. Kwa kuwa mtu hawezi kuona vizuri sehemu hiyo peke yake, Fusae alishika kioo. Kuwabara hakutumia kidole kama ilivyoandikwa kwenye karatasi. Alitumia brashi nyembamba ya kupakia laka, rangi ya kung'arisha mbao, ambayo ncha yake ina manyoya machache kuliko nyusi ya mtoto.

"Baba, sogea huku, taa inanipiga machoni."

"Wewe shika kioo sawasawa."

"Miaka hamsini na moja ya ndoa, sikujua nitaishia kuwa mshika kioo wa huko."

"Ungejua ungeolewa na Tokuji?"

"Tokuji angalau ana brashi kubwa."

Alifuata ukingo wa wekundu kama anavyofuata mstari wa msumeno. Krimu ikivuka hata upana wa unywele, aliifuta kwa kijiti cha pamba. Alipaka hivyo mara ishirini na nne, wiki nane, bila kuruka siku.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, na lilikuwa kosa la heshima. Katika karakana ya Kuwabara kitu kina kipimo au hakina. "Kidogo" si kipimo. Daktari aliposema "na pembeni kidogo," Kuwabara alilisikia kama lile neno ambalo mtu mwenye adabu huliongeza mwishoni ili asionekane anaamrisha, kama mgeni anayesema atakunywa chai kidogo. Kumuuliza "kidogo kiasi gani?" kungekuwa kumwambia daktari kwamba hakueleza vizuri. Hakuuliza. Akaiheshimu ngozi nzima, ambayo kwa macho yake haikuwa na hatia.

Wiki ya tatu doa liliwaka. Wiki ya nne lilichubuka na kutoa maji. Kuwabara hakupiga simu. Alilalia mgongo, alivaa yukata, joho jepesi la pamba, bila kitu ndani, na kwa kuwa hakuweza tena kukaa sakafuni, aliweka mlango wa zamani juu ya matofali, akapata meza ndefu ya kumfika kiunoni, akaanza kujifunza upya kazi aliyoifanya miaka sitini na moja, safari hii akiwa amesimama. Vibao vilimteleza. Alitengeneza kabari ya kuvibana. Kabari ikaacha alama kwenye mbao. Akaivika ngozi ya ng'ombe. Mwisho wa Mei aliweza kumaliza ndoo.

Wiki ya kwanza ya Juni Tokuji aliingia karakana akiwa na ndoo ya bafu la mtaa chini ya kwapa. Ilikuwa ndoo ya Kuwabara mwenyewe, ya zamani, na miguu ya vibao vyake ilikuwa imeanza kuwa myeusi kwa maji.

"Bafuni wanasema umekufa," Tokuji alisema.

"Umewaambiaje?"

"Nimewaambia bado, unajaribu. Mama wa kaunta ananiuliza atoe lini rambirambi."

"Mwambie naoga nyumbani."

"Kwenye lile beseni? Miguu unaiweka wapi, jikoni?" Tokuji alikaa kwenye gogo. "Mgongo wangu haujasuguliwa wiki nne, Saki. Nimeota magamba. Nitazamie hii ndoo, inavuja."

Kuwabara aliigeuza ndoo, akaigonga gonga kwa kifundo cha kidole, akatia alama kwa penseli. Vibao vilivyokuwa vyeusi ni vitatu. Alama aliziweka kwenye vitano.

"Hivi viwili vya pembeni vina nini?" aliuliza Tokuji. "Vyeupe kabisa."

"Vinatoka."

"Unatupa mbao nzuri."

"Si nzuri. Inaonekana nzuri. Uozo hauishii pale rangi inapoishia. Ukibadilisha vitatu tu, mwaka kesho unarudi na vingine vinne. Hata mwanafunzi wa mwezi mmoja anajua."

Tokuji alikubali kwa kichwa. Yeye ni mtu anayependa kumaliza mazungumzo yake yote, na kulikuwa na moja ambalo lilikuwa halijaisha.

"Na kule kwako ulikuwa unapaka mpaka wapi?"

Kuwabara aliweka penseli chini. Fusae, aliyekuwa ameleta chai, anasema mumewe alikitazama kile kibao cha nne, kimoja cha vile vyeupe. Halafu aliingia ndani, akachukua simu, akapiga hospitali. Ilikuwa mara ya kwanza tangu alipoanza dawa.

"Ni Kuwabara," alimwambia muuguzi. "Nimefanya kosa la mwanafunzi. Naomba nimwone daktari kabla ya siku yangu."

Dkt. Hatanaka alimtazama siku hiyohiyo aliyofika. Katikati ya doa ngozi ilikuwa imetulia, ya waridi, laini, mahali ambapo miaka saba palikuwa na ukurutu. Kuzunguka hapo palikuwa na pete nyembamba nyekundu, kama alama ya glasi mezani. Dawa ilifanya kazi pale ilipofika. Alimsikiliza Kuwabara akieleza habari ya brashi, vijiti vya pamba na unywele. Hakucheka.

"Nilisema 'kidogo,'" alisema. "Mtu wa vipimo nimempa neno lisilo na kipimo. Samahani."

"Hapana, Daktari, mimi ndiye niliyepaswa kuuliza."

"Nilipaswa kuchora."

"Nilipaswa kujua. Ndiyo kazi yangu."

Waliinamiana mara kadhaa, kila mmoja akijaribu kulibeba kosa, mpaka muuguzi akakumbusha kwamba wapo wagonjwa wengine. Daktari alichukua vinyofo sita vya ngozi kutoka nje ya mstari wa Kuwabara, mahali palipoonekana pazima. Majibu yalirudi tarehe 25 Juni. Vinne havikuwa na kitu. Viwili vilikuwa na saratani.

Daktari wa upasuaji, aliyeitwa kwenye kikao hicho, alisema krimu imepewa nafasi yake na imeshindwa. Hakuwa mtu mkali, alikuwa anataja anachokiona. Dkt. Hatanaka alisema krimu haijashindwa mahali ambapo haijawahi kupakwa. Wakakubaliana hivi, na wakamwambia Kuwabara mbele ya mkewe: wiki kumi na sita nyingine, kwa mpaka mpya. Wiki nne baada ya kumaliza, vinyofo vinane. Kimoja tu kikiwa na saratani, atapasuliwa Januari, kazi au si kazi.

"Kimoja kikiwa kibaya, nakuja mwenyewe na begi," Kuwabara alisema.

Safari hii daktari alichukua kalamu ya wino mzito na rula. Alipima sentimita tatu nje ya ukingo, akatia nukta kuzunguka, akaunganisha nukta. Kuwabara aliomba auone mstari huo kwenye kioo, kisha akaomba rula.

"Hapa umeweka mbili na nusu," alisema.

Daktari alipima tena, akarekebisha.

Mzunguko wa pili ulianza tarehe 8 Julai, katika joto. Eneo la kupaka lilikuwa zaidi ya mara mbili ya lile la kwanza, na lote lilichubuka. Brashi ya laka ilirudi kwenye kopo lake. Alitumia kidole, kama karatasi inavyosema. Siku ya pili baada ya kupaka aliumwa viungo kama mwenye mafua. Katika wiki ya saba hakuweza kuvaa hata yukata bila kuweka kitambaa chenye mafuta ya vaselini kati ya nguo na ngozi, wala hakupiga simu hospitali. Watu wa rika lake katika bonde hili wamelelewa kunyamaza na maumivu, na wengi wamezikwa nayo. Fusae hakubishana naye. Alichukua simu, akaiweka juu ya goti la mumewe, akaenda kuosha mchele.

Aliporudi, mumewe alikuwa anazungumza na hospitali. Waliambiwa wasimamishe wiki moja. Alisimamisha siku saba kamili, na ya nane akaendelea. Baadaye alisema kwamba mara ile ya kwanza alidhani kuvumilia ni sehemu ya dawa, kumbe dawa ni dawa na kuvumilia ni mazoea yake tu.

Tangu Mei hadi Novemba alitengeneza ndoo kumi na moja akiwa amesimama kwenye ule mlango wa zamani. Hakuna mteja aliyeletewa hata moja. Chini ya kila ndoo yake Kuwabara huchoma chapa ndogo ya jina lake kwa chuma cha moto, na kwenye hizo kumi na moja hakuichoma. Ziko jikoni kwa Fusae, zimejaa maharage na figili za chumvi. Mtu asiye fundi hawezi kuona kasoro yake. Ukimuuliza Kuwabara, anakuonyesha: maungio mawili kati ya kila kumi yana mwanga unaopita.

Ndoo ya bafu la mtaa aliimaliza pia, ile yenye vibao vitano vipya. Hiyo ilikuwa na chapa tayari, tangu zamani, kwa hiyo aliitengeneza mara tatu.

Kupaka kulikwisha tarehe 1 Novemba. Ngozi ilifunga. Tarehe 3 Desemba Dkt. Hatanaka alichukua vinyofo vinane, vinne ndani ya eneo la doa la zamani, vinne kwenye ukingo wa mstari wa kalamu. Tarehe 10 Kuwabara na Fusae walipanda treni ya asubuhi. Fusae alikuwa na begi miguuni. Ndani yake mlikuwa na nguo za kulalia za mumewe, taulo mbili na kandambili. Alikuwa amelipanga usiku uliotangulia bila kuombwa, na Kuwabara alilibeba mpaka stesheni bila kuuliza kilichomo.

Daktari aligeuza karatasi ya majibu imwelekee mgonjwa, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Hakuna seli za saratani. Wa pili, hakuna. Alisoma yote minane hivyo, mmoja mmoja, bila kuruka kwenda mwisho.

"Naomba tusome tena," Kuwabara alisema. "Kuanzia chini."

Wakasoma tena, kuanzia chini.

Daktari alimwambia kwamba hiyo haimaanishi ugonjwa hautarudi. Unaweza kurudi baada ya mwaka, baada ya miaka mitano. Atatazamwa kila miezi mitatu, na akiona wekundu wowote asinunue kitu dukani. Kuwabara alisema amesikia. Akauliza kama wiki mbili zijazo anaweza kuingia bafu la watu. Akaambiwa anaweza, nyuzi za pale vilipokatwa vinyofo zikishatolewa na ngozi ikiwa imefunga.

Tokuji alikuwa anamsubiri stesheni, mikono mifukoni, amevaa kofia ya sufu.

"Enhe?"

"Vinane, vyote safi."

"Kwa hiyo unabaki nayo yote?"

"Yote."

"Hata sehemu zisizo na kazi tena?"

"Mheshimu Mama," Kuwabara alisema, na Fusae akajibu kwamba yeye ameshika kioo miezi sita, hakuna jipya la kumshtua. Tokuji alichukua begi mkononi mwa rafiki yake, akatembea mbele yao, ili wasimwone uso.

Nyuzi zilitolewa tarehe 17. Siku iliyofuata Kuwabara alikaa sakafuni kwa mara ya kwanza tangu Mei, akabana kibao kwa nyayo, akavuta kisu. Alifanya kazi kwa robo saa, akapumzika, akaendelea. Ndoo aliyoianza siku hiyo imefika nusu, na ameshaitolea chuma cha chapa.

Jumapili ijayo, tarehe 22 Desemba, ni siku fupi kuliko zote, ambapo bafu la mtaa hutia matunda ya yuzu, jamii ya ndimu, kwenye maji. Daktari ameruhusu, kwa sharti asikae karibu na matunda yenyewe. Mlango utafunguliwa saa tisa alasiri. Tarehe 10 Machi, saa nne asubuhi, Kuwabara atarudi hospitali, na Dkt. Hatanaka atamtazama, akianzia nje ya mstari.